Uliza kipimo kabla hujauliza bei

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Jumamosi mchana, usimame mlangoni mwa duka lolote la simu usikilize. “Bosi, karibu. Hii ina GB kumi na mbili, kamera mia na nane, betri elfu tano, chaji fasta.” Mteja anaitikia kwa kichwa, anaigeuza simu mbele na nyuma, anauliza bei. Nenda Luthuli Avenue, Nairobi, wimbo ni uleule, ila umebadilika lafudhi na fedha. Hakuna anayeuliza GB kumi na mbili za nini, wala elfu tano ya nini.

Swali hilo ndilo ambalo mwenye duka angependa lisiulizwe. Namba iliyochapwa kwenye boksi la kampuni kubwa huwa ya kweli mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uongo mtupu unaweza kumfikisha mtengenezaji mahakamani. Anachofanya ni kuchagua kipimo kinachotoa namba kubwa, akakiandika kwa wino mnene, na kile kinachokuhusu wewe mnunuzi akakiweka chini kwa herufi za kusomea miwani. Kwa bidhaa zisizo na jina, hata hizo herufi ndogo hazipo.

Tuanze na GB, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Simu ina sehemu mbili za kuwekea vitu, na zote mbili zinapimwa kwa GB. Fikiria kibanda cha mama lishe. Ana stoo yenye magunia ya mchele, maharage na unga. Hiyo ndiyo hifadhi ya ndani ya simu, zinakokaa picha, nyimbo, programu na zile video za kwaya unazotumiwa na shangazi. Kisha ana majiko, na hayo ndiyo RAM. Ukigusa WhatsApp, simu inaitoa programu stooni na kuibandika jikoni. Ukifungua ramani, kisha kamera, kisha programu ya benki, majiko yanajaa, na simu haina budi kuepua sufuria moja ili ibandike nyingine. Ndiyo maana wakati mwingine unarudi kwenye ujumbe uliouacha nusu, unakuta programu inaanza upya na maneno yako hayapo. Stoo ya magunia hamsini haimsaidii mama lishe mwenye majiko mawili saa saba mchana.

Sasa irudie ile simu ya GB 12. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya maelezo kuhusu simu, na katika simu nyingi za bei ya kati na ya chini utakuta pameandikwa hivi: 4 GB + 8 GB. Zile nne ndizo RAM yenyewe, chipu iliyofungwa kwenye bodi. Zile nane zimekopwa kutoka kwenye hifadhi ya ndani. Si wizi, na zina faida yake ndogo, kwani programu uliyoiacha inaweza kulala huko badala ya kufungwa kabisa. Lakini hifadhi ya ndani ni nzito mno ikilinganishwa na RAM, kwa hiyo simu ya 4 haigeuki kuwa simu ya 12, na zile nane zimekatwa kwenye nafasi ya picha zako. Muulize muuzaji: “RAM yenyewe, bila nyongeza, ni ngapi?” Anayeijua kazi yake atatabasamu kidogo, kisha atakujibu.

Kuna pia malalamiko mengine ya GB ambayo hayana mkosaji. Unanunua flashi ya GB 64, unaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, inasoma 59.6. Mtu anarudi dukani amevimba. Hajaibiwa. Kiwandani GB moja huhesabiwa kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, si 1,000, hivyo GB yake ni kubwa zaidi kidogo. Baiti ni zilezile. Kwa hesabu hiyohiyo, diski ya TB 1 husoma 931, na hakuna duka duniani litakalokuuzia inayosoma 1,000.

Wizi wa kweli uko kwenye flashi na memori kadi za “TB 2” zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake kuna chipu ndogo, pengine ya GB 16 au 32, na kichakata kidogo kilichofundishwa kuidanganya kompyuta. Kompyuta ikiuliza ukubwa, kinajibu TB 2. Unanakili video za harusi, kila kitu kinaonekana kwenda sawa, majina ya mafaili yanajipanga, hata ukubwa unaonyeshwa. Chipu halisi ikishajaa, kinachoingia baadaye ama kinatupwa ama kinaandikwa juu ya cha mwanzo. Mwezi mmoja baadaye bibi harusi anaomba video, faili lipo, halifunguki. Na fundi wa kulirudisha hayupo, kwa sababu hakuna cha kurudisha; data ama haikuwahi kuandikwa, ama imefutwa na nyingine iliyoandikwa juu yake. Wapiga picha wa harusi wanajua maumivu haya. Dawa yake ni programu za bure kama H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux na Mac: zinaijaza flashi mpaka mwisho, kisha zinasoma kila kilichoandikwa na kukuambia ukweli. Inachukua muda. Bado ni nafuu kuliko kumwomba bibi harusi arudie harusi.

Kwenye betri ndiko kwenye hesabu tamu zaidi, na ndiko watu wanakoliwa pesa nyingi.

Namba 5,000 kwenye boksi ni mAh, yaani miliampea-saa. Inakueleza mkondo kiasi gani unaweza kutoka kwa muda gani: miliampea 5,000 kwa saa moja, au 500 kwa saa kumi. Haikuelezi volti ngapi. Na nishati ni mkondo mara muda mara volti, hivyo mAh peke yake ni nusu ya habari. Kwa simu hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa betri zake karibu zote ni za lithiamu zenye volti 3.7 hadi 3.9, kwa hiyo unalinganisha vitu vya jamii moja. Shida inaanza kwenye pawabanki.

Chukua pawabanki ya mAh 20,000. Namba hiyo ni ya seli zilizo ndani, zenye volti 3.7. Zidisha: 20,000 mara 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa 74. Lakini tundu la USB linatoa volti 5. Wati-saa 74 ukizigawanya kwa volti 5 unabaki na mAh 14,800, kabla hujatoa kinachopotea kama joto wakati wa kupandisha volti. Ukitoa asilimia 10 hadi 15, kinachofika kwenye waya ni mAh 13,000 hivi. Simu ya mAh 5,000 utaichaji mara tatu hivi. Aliyepiga hesabu ya mara nne dukani hakudanganywa na mtu, alizidisha kitu kisichozidishika. Geuza pawabanki yoyote ya kampuni yenye heshima, nyuma kwa maandishi madogo utakuta namba ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, ikieleza uwezo unaotoka kwenye tundu. Hiyo ndiyo uliyonunua.

Wati-saa ndicho kipimo kisichoyumba, na kwetu si kigeni hata kidogo. Uniti moja ya umeme wa LUKU ni wati-saa 1,000. Betri ya simu ya mAh 5,000 inabeba wati-saa 19 hivi, kwa maana kwamba uniti moja, hata ukiondoa upotevu, inachaji simu karibu mara 40. Baba mwenye nyumba anayegombana na wapangaji juu ya chaja za simu angeelekeza hasira zake kwenye pasi na hita ya maji.

Mashirika ya ndege nayo hayahangaiki na mAh. Kanuni inayofuatwa kimataifa ni wati-saa 100 kwa pawabanki unayoruhusiwa kuingia nayo bila kuomba kibali, tena iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye mzigo unaoshuka chini ya ndege. Gawanya 100 kwa 3.7 utaona ni kama mAh 27,000. Anayesafiri kwenda Muscat au Guangzhou na pawabanki isiyo na maandishi yoyote ya wati-saa ajiandae kuiacha kwa maofisa wa usalama pale uwanjani.

Halafu kuna zile za “mAh 50,000” zinazoenea kiganjani. Hapa unahitaji kujua jambo moja tu. Seli maarufu kuliko zote kwenye tochi, betri za laptopu za zamani na pawabanki za bei nafuu inaitwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Zilizo bora kati ya zinazopatikana kwa wingi za ukubwa huo zinabeba mAh 3,500 au kuzidi hapo kidogo sana. Kwa hiyo seli ya tochi iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo wa mchana kweupe, hata kama imefungwa kwenye nailoni ya kung’aa. Na ili upate mAh 50,000 ungehitaji seli 14 hivi, zenye uzito wa zaidi ya gramu 600 zenyewe tu, bila ganda wala bodi. Kama kitu hicho kinakaa mfukoni bila kuivuta suruali chini, umeshajibiwa. Ni kazi ya mizani ya duka la sukari, haihitaji maabara.

Ukitoka kwenye betri unakutana na chaja, na hapo kuna imani moja iliyoenea toka Kigoma hadi Lamu kwamba chaja yenye ampea nyingi itaua simu. Haiui. Geuza chaja usome pale palipoandikwa OUTPUT. Ukiona 5V 2A, zidisha: wati 10. Ukiona pia 9V 2A, hiyo inaweza kutoa wati 18. Ampea ni kiwango cha juu ambacho chaja iko tayari kutoa. Simu ndiyo inayoamua ivute kiasi gani. Volti ndizo zisizotaka mzaha, lakini chaja za kisasa huanza na volti 5, simu na chaja zikazungumza kupitia waya, na zikikubaliana ndipo zinapanda kwenda 9, 15 au 20. Zisipoelewana zinabaki kwenye 5. Ndiyo sababu chaja ya wati 65 iliyokuja na simu ya kampuni moja huichaji simu ya kampuni nyingine taratibu kama ya mwaka 2010: kila moja inazungumza lugha yake, na kampuni kadhaa zimejitungia lugha zao makusudi.

Upande wa pili wa chaja hiyo utakuta INPUT 100-240V, 50/60Hz. Umeme wetu ni volti 230, herzi 50, kwa hiyo chaja hiyo iko salama Dodoma, na iko salama Chicago kwenye volti 120. Blenda aliyokuletea binamu kutoka Marekani haina maandishi hayo. Imeandikwa 120V basi, na ukiichomeka ukutani bila transfoma utasikia harufu kabla hujaona moshi. Dakika moja ya kusoma kibandiko ingeokoa blenda na mahusiano ya ukoo.

Chaja ya kuogopa ni ile isiyo na jina. Ndani ya chaja, upande wa volti 230 na upande unaoishia mkononi mwako hutenganishwa kwa nafasi na kihami vya viwango maalumu. Kwenye chaja ya bei ya kutupa, nafasi hiyo inaweza kuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Ukihisi kioo cha simu kinakutekenya vidole wakati inachaji, au kioo kinaanza kujigusa chenyewe, chomoa. Acha kusema umeme umezidi.

Na waya nao una siri zake. Umoja wa Ulaya ulilazimisha simu zinazouzwa kwake ziwe na tundu la USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na Apple walikuwa wamekwisha kusalimu amri mwaka 2023 kwa iPhone 15. Afrika Mashariki tumefaidi bila kupiga kura. Ila USB-C ni jina la umbo la kichwa cha waya, halisemi chochote kuhusu mwendo. Hiyohiyo iPhone 15 ya kawaida husafirisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, mwendo wa USB 2.0 iliyotoka mwaka 2000, ilhali ndugu yake wa Pro hufika gigabiti 10, tundu likiwa sawasawa kwa kulitazama. Waya wa kawaida wa USB-C hupitisha ampea 3. Kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Ukitaka zaidi ya hapo kwa ajili ya laptopu, unahitaji waya wenye chipu ndani ya kichwa chake inayoieleza chaja uwezo wa waya huo. Nyaya mbili zinafanana, moja bei mara nne ya nyingine, na muuzaji anashindwa kukueleza kwa nini. Sasa unajua.

Nimetaja megabiti. Hapo ndipo wauzaji wa intaneti ya faiba wanapopata usingizi mzuri. Bando la simu tunanunua kwa MB na GB, yaani megabaiti na gigabaiti, na B yake ni kubwa. Faiba inauzwa kwa Mbps, megabiti kwa sekunde, na b yake ni ndogo. Baiti moja ni biti nane. “Spidi 20” kwa hiyo ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itateremka kwa dakika kama saba, mambo yakienda vizuri. Mteja anayepiga simu huduma kwa wateja akilalamika kwamba kalipia 20 anaona 2.5 atajibiwa kwa upole, na kwa mara hii wao ndio wenye haki.

Lakini mwendo huo si kila kitu. Kuna kipimo kingine ambacho ni nadra kuandikwa kwenye tangazo, nacho ni ucheleweshaji: muda unaopita tangu uguse hadi jibu lianze kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Waliotumia intaneti kwenye mikahawa ya Posta na Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaukumbuka hata kama hawakuwa na jina lake. Trafiki yetu ilipitia setelaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka. Jumla kilomita 144,000, na mawimbi yakienda kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, karibu nusu sekunde imeshakwenda kabla kompyuta ya upande wa pili haijafanya kazi yoyote. Ungeongeza Mbps elfu moja, nusu sekunde hiyo isingepungua. Kilichoipunguza ni mikongo ya baharini: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, huu wa pili ukitoka Fujairah hadi Mombasa, kisha EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja upande wa kusini, nchi zetu zilibaki zikihema siku kadhaa. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya video inayokatikakatika huku kipimo cha mwendo kikisoma vizuri, tazama milisekunde. Mbps zinaweza kuwa hazina kosa.

Kamera nitazipita haraka, kwa sababu hadithi yake ni fupi. Simu ya megapikseli 108 kwa kawaida huchanganya pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Ya 50 huchanganya nne kuwa moja, unapata 12.5. Zote mbili zinaishia palepale, na tofauti inatokana na ukubwa wa kihisi, lenzi na programu, mambo ambayo hayaandikwi kwenye boksi kwa herufi nene. Macho manne mgongoni? Mara nyingi mawili ni ya megapikseli 2, yamewekwa yajaze nafasi.

Kioo kinahitaji neno moja zaidi, hasa kwa atakayepeleka simu kwa fundi. Katika AMOLED kila pikseli inajiwakia yenyewe, na nyeusi ni pikseli iliyozimwa. LCD ina taa nyuma inayowaka muda wote. Simu iliyotoka kiwandani na AMOLED ikivunjika kioo, kuna vioo mbadala vya LCD vinavyoingia humohumo kwa bei ndogo. Fundi akikuwekea hicho bila kukwambia, simu itawaka na utalipa, kisha utagundua kihisi cha alama ya kidole kilichokuwa chini ya kioo hakisomi tena. Kihisi cha aina ile huona kidole kwa kupenya katikati ya pikseli za AMOLED. Nyuma ya taa ya LCD hakioni kitu. Ingia chumba chenye giza ufungue picha nyeusi tupu: ikionekana ya kijivu inayong’aa, hiyo ni LCD. Hakuna ubaya kuchagua cha bei nafuu. Ubaya ni kulipia AMOLED ukapewa kingine. Na kabla sijahama, IP68, ile alama ya simu kuhimili maji, ni kipimo cha maabara kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Coco Beach haimo.

Sasa laptopu za mtumba, zile ambazo Nairobi wanaziita ex-UK na Dar zinashuka kutoka Dubai. Kibandiko kinasema Core i5 na muuzaji anasema “i5 hii, mashine kubwa”. i5 zimetengenezwa tangu 2009, kwa hiyo neno hilo peke yake halikuambii umri. Tazama namba inayofuata. i5-3320M ni kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, ina viini viwili na mwendo wa msingi wa GHz 2.6. i5-8250U ni kizazi cha nane, ya mwaka 2017, ina viini vinne na mwendo wa msingi wa GHz 1.6. Anayefuata GHz atachukua ya kwanza, na atakuwa ameiacha mashine iliyo bora kwa mbali. GHz ni hesabu ya mapigo kwa sekunde. Haisemi kila pigo linafanya kazi kiasi gani, wala viini vingapi vinapiga kwa pamoja.

Namba hiyo ya kizazi ina uzito mwingine siku hizi. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za nyuma yake, na Microsoft walifunga usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiziondoa mashine zisizopita mtihani huo, na nyingi zitaendelea kutua kwenye bandari zetu zikiwa zimefutwa vumbi na kupewa bei ya kuvutia. Kwa anayejua kuweka Linux, hiyo ni neema, anunue. Kwa mwanafunzi wa chuo anayetaka Windows yenye masasisho ya usalama, kizazi cha tatu au cha nne ni mzigo hata akipunguziwa. Na kama kuna fedha ya kuchagua kimoja tu, achague SSD ya GB 256, aiache diski ya zamani ya GB 500. Diski ile ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na sindano inayokimbilia data huku na huko. SSD haina kinachozunguka. Hakuna badiliko jingine linaloifufua laptopu kuukuu kwa bei hiyo.

Namba ya mwisho haina kipimo wala haisifiwi na muuzaji yeyote, nayo ndiyo muhimu kuliko zote nilizozitaja. Ni IMEI, tarakimu 15 zinazoitambulisha simu moja tu duniani. Nane za mwanzo zinataja aina ya simu. Ya mwisho ni ya kuhakiki, inapatikana kwa kukokotoa zilizotangulia, hivyo IMEI iliyobuniwa ovyo mara nyingi hujiumbua yenyewe. Kenya walizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafuata Juni 2016. Wengi walilala na simu wakaamka na tochi. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, usishtuke.

Bonyeza *#06# ukiwa bado dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Linganisha na boksi. Kwa Tanzania tuma namba hiyo kwenda 15090, kwa Kenya 1555, uone kama jibu linataja aina ileile ya simu uliyoishika mkononi. Kama ni ya mtumba, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au ya Apple mbele ya macho yako, maana simu iliyofungwa na akaunti ya mtu ikishafutwa upya itadai nywila ya mwenyewe, na mwenyewe huenda yuko kituo cha polisi anaitafuta. Kisha dai risiti ya EFD na uombe IMEI iandikwe juu yake. Duka likikataa, toka. Aggrey ina maduka mengine.